Niombeni Nibaki

Jumatatu, 4 Novemba
Naondoka. Baada ya miaka kumi na sita ya utumishi, minane nikiwa mwenyekiti wa Baraza la Jiji la Waidrala, nang'atuka kwa hiari yangu, moyo mweupe, na jiji zima linalia.

Haya, hakuna anayelia. Na hiari yenyewe si hiari sana. Mwezi uliopita makamu wangu, Vilimaina Drodro, alinikatiza nikieleza habari ya mtaro wa sokoni. Eti nimeuzindua mara tatu na maji bado yamelala pale pale. Nikapandwa na hasira. Nikagonga meza: kama hamnitaki, naenda zangu! Nikanyamaza, nibembelezwe.

Wakapiga makofi. Katibu akaniletea karatasi. Mjinga mimi, nikatia sahihi.

Mwisho ni Ijumaa. Lakini dawa nimeipata!

Jumanne, 5 Novemba
Dawa ni itatau. Fiji nzima hakuna mtu mzima anayeondoka kimya kimya kama paka. Unaleta fungu lako la mizizi ya yangona, ile tunayoikoroga na kuinywa, unaomba ruhusa. Wenyeji wakilipokea na kupiga viganja, umekwenda. Wasipolipokea? Hujaenda! Marehemu shangazi yangu aliwahi kumrudishia mgeni fungu lake, akamwambia bado tunakutaka. Yule bwana akakaa mpaka Krismasi.

Nikamfuata diwani Pillay dukani kwake, anauza vitambaa. Nikamfundisha: kabla fungu halijapokelewa, ruka, sema "Mzee, usituache!" Ukiweza kulia, lia. Akauliza kwani nina mpango wa kubaki. Nikamwambia mimi sina mpango wowote, mimi nitaombwa. Alicheka mpaka akakata kitambaa cha mteja upogo. Lakini amekubali.

Jumatano, 6 Novemba
Hotuba ya kuaga. Utumishi wa umma ni nini? Nimetafuna kalamu tangu asubuhi. Niliacha shule darasa la saba.

Najua hili tu: kila mahali nilisimamishwa na watu. Kanisani, sokoni. Siku moja kwa daktari wa meno, mdomo wazi, mikono ya daktari ndani, na mtu akaja kunilalamikia takataka za mtaa wake. Nikaitikia kwa macho. Nilipenda kusimamishwa jamani. Jumamosi nitapita sokoni moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho, kama mtu yeyote. Hilo sikuliandika kwenye hotuba.

Salote, mke wangu, akashauri nipeleke kifungu chembamba cha yangona. Eti, "Kikiwa kizuri watakichukua, mume wangu, nakujua na nawajua." Mimi? Mwenyekiti mzima na kifungu kama ufagio wa choo? Nimenunua mizizi ya Kadavu, kisiwa chenye yangona bora, minene kama paja langu. Nimeifunga utepe.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimemkuta Vilimaina ofisini mwangu, juu ya kiti changu, kwa viatu, anapima dirisha. Akasema niendelee tu na kazi, mzee wangu, yeye anapima pazia taratibu. Nikatabasamu. Pima, mama, pima!

Ijumaa, 8 Novemba
Nitaandika upesi.

Mikeka ilitandikwa ukumbini. Mbele yangu Jekope, katibu wetu na mtani wangu; babu zake na babu zangu walitukanana kwa mapenzi mpaka makaburini. Nikaomba ruhusa ya kuondoka, sauti ikikatika vizuri sana. Nikasukuma fungu mbele.

Jekope akalivuta. Akalinusa. Akafumba macho. Akauliza, "Ya Kadavu hii?" jambo ambalo halimo kabisa katika maneno ya sherehe. Sijajibu, akapaza sauti: "Tumepokea! Nenda salama, mla popo we!"

Viganja pa, pa, pa.

Nikamtazama Pillay. Alikuwa ameshainuka, mdomo wazi. Jekope akamtuma maji ya kukorogea. Akaenda! Mbio! Aliporudi nikamfinya, akanong'ona, "Mzee wangu, ungeleta mbaya ningekutetea mpaka nizimie."

Vilimaina alikunywa vifuu vitatu. Akasema kwa kweli leo nimewatumikia.

Jumatatu, 11 Novemba
Siku ya tatu nyumbani. Sokoni hakuna aliyenisimamisha, ila muuza mihogo, naye alitaka nisogee.

Nikaona nilete utaratibu jikoni. Nikafungua kikao cha kifungua kinywa, nikasoma ajenda: mpangilio wa sufuria. Salote akasema hoja imekataliwa, sogeza kiwiko. Hasira! Nikagonga meza: kama hunitaki humu, naenda kwa kaka yangu kule Levuka! Nikanyamaza.

Akauliza, "Meli ya Jumatano au ya Ijumaa?" Sasa hivi anakunja sulu zangu za kujifunga kiunoni, anapiga mluzi.

Sina wasiwasi. Safari hii nimejipanga. Fungu la kumuagia Salote nimeshanunua, nene kuliko lile la baraza, atanionaje! Na kikaratasi kwa Pillay kiko tayari: "Ndugu yangu, kuna sentensi moja ya kwangu ilibaki mdomoni mwako. Njoo nayo kwangu Jumatano, kabla ya saa moja asubuhi. Nitakuwa natoka na begi, natembea polepole."