Bondia wa Mara Moja kwa Mwaka

Mtinko, Singida
Jumatano

Kwa Ndugu Chediel,
Bondia wa Kulipwa,
Singida Mjini.

Ndugu Bondia,

YAH: UVIVU WAKO ULINGONI

Marahaba. Hujaniamkia, lakini naitikia mapema kabisa, maana ukimaliza kusoma huenda usiwe na sauti ya kuamkia mtu.

Mimi baba yako mkubwa Anselm, niliyekufunga glovu zako za kwanza, nakuandikia kwa adabu zote na kwa masikitiko makubwa. Anayeshika kalamu ni mama yako mkubwa Elina, kwa sababu kalamu za siku hizi ni nyembamba mno, hazikai mkononi. Maneno ni yangu. Malalamiko ni haya:

1. Tangu mwezi wa sita mwaka jana umepigana mara moja. Mara moja, Chediel. Mwenge wa Uhuru nao hupita mara moja kwa mwaka, lakini angalau ukipita unazindua kisima. Wewe ulizindua nini? Ulianguka raundi ya nne, ukainuliwa, ukaishukuru kamati ya maandalizi.

2. Sisi tulipigana kila mnada. Ng'ombe wakishauzwa tunaazima kamba zao, tunachimbia miti minne, ulingo tayari. Kengele ilikuwa rimu ya trekta. Mimi na Fabiano wa hapa hapa Mtinko tulipigana mara kumi na tisa kwa mwaka mmoja. Mchana tunatoana damu, jioni tunakula pamoja jogoo wa zawadi aliyetolewa na Mzee Kanti, yule mwenye duka la vitenge huko mjini. Jogoo mweusi. Hakuna aliyeomba likizo.

3. Bondia wa leo anakaa kambini miezi mitatu akila mayai. Anapimwa uzito mbele ya kamera amebaki na chupi, anamkodolea mwenzake macho, wanatukanana kwenye simu wiki nzima, halafu pambano lenyewe linaisha kabla mtu hajamaliza kumenya kitunguu. Baada ya hapo anapumzika mwaka. Anapumzika kutoka wapi? Sisi tulipimwa kwenye mzani wa alizeti na nguo zetu mwilini. Ukizidi, unapigana hivyo hivyo umezidi.

4. Nasikia daktari amekupiga picha ya kichwa na kukukataza ulingo kwa miezi mitatu, nawe umekubali kama mwari. Kichwa changu mimi kimepokea ngumi miaka kumi na minne. Picha pekee ambayo kimewahi kupigwa ni ya kadi ya kupigia kura, na kinafanya kazi vizuri. Ile rimu ya trekta naisikia mpaka leo, hata nikiwa nimekaa, lakini hiyo ni kumbukumbu ya mtu aliyefanya kazi.

5. Sisi tulipigana kila mnada. Mimi na Fabiano tulipigana mara ishirini na saba kwa mwaka mmoja, tukala jogoo wa Mzee Kanti. Jogoo mwekundu. Sijui kama nimeshakueleza habari hii.

6. Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, uanze kupigana kila mnada: Mtinko, Nduguti na Mungaa. Minada miwili ikigongana, pigana asubuhi huku na jioni kule, bodaboda zipo. Siku isiyo na mnada pigana kwenye sherehe za kipaimara, watu wakishakula. Mkono mmoja ukiumia, Mungu alikupa wa pili kwa makusudi. Daktari akipinga, apande yeye ulingoni.

Wa kuanzia nimeshakupangia. Ni Gasto, mtoto wa mwenye bucha, Jumamosi hii saa nane mchana. Amekubali bila kwenda kambini, na anabeba nusu ng'ombe begani huku anapiga mluzi. Usipotokea, usiniite tena baba, na zile glovu uzirudishe, nitampa mtu mwenye kazi nazo.

Nisalimie mkeo Rebeka, watoto, wapangaji wenzako wote, na hata huyo daktari wako.

Ni mimi, katika kulijenga taifa lililolegea,

Anselm
Bondia Mstaafu

Nyongeza: Elina amenisomea barua yote, taratibu. Anasema Fabiano yumo mara mbili na jogoo amebadilika rangi. Nikamwambia basi aitwe Fabiano mwenyewe aje aseme. Akanijibu kwamba Fabiano huja hapa kila asubuhi kunijulia hali, na kila asubuhi mimi humuuliza ni mtoto wa nani. Kisha akafungua kabati akanionyesha barua tatu kama hii, kwa mwandiko wake na maneno yangu. Hakuzituma. Nimeona aibu, mwanangu, na nimeogopa.

Jumamosi usipigane. Elina anakwenda leo kumwambia Gasto. Wewe njoo tu, uje na hiyo picha ya kichwa niione, na umuulize daktari kama anaweza kunipiga na mimi. Miezi mitatu aliyokupa, imalize yote. Glovu baki nazo, zitundike mahali watoto hawafiki.

Nimemuuliza Elina kwa nini hii ameamua kuituma. Amesema ndiyo pekee yenye nyongeza.