Mbuni wa Tanta na Kifandugu Changu

Jumatatu, 21 Aprili

Naandika nimesimama. Daftari liko juu ya friji. Kukaa siwezi, kulala chali siwezi. Mbuni ameniumiza kifandugu!

Leo Shamm an-Nasim, sikukuu ya majira ya kuchipua. Tanta nzima imetoka kula fesikh, samaki wetu wa chumvi, na vitunguu kwenye majani. Nasi tukaenda Bustani ya Wanyama ya Nargis: mimi, mke wangu Inshirah, binti yetu Rihab, na kwa bahati mbaya kaka yake Inshirah, shemeji Galal. Galal ana duka la vyombo vya umeme na hapendi watu wasahau hilo. Hata samaki hatujamfungua, akatoa simu kunionyesha picha yake ya mwaka jana, kambeba mtoto wa simba. Akasema wako wenye moyo, na wako wenye pensheni.

Nina miaka sitini na mmoja. Miaka thelathini na mitatu nimetumikia ofisi ya umwagiliaji. Sikustahili maneno yale! Nikampa Rihab simu, nikaruka kizuizi cha nje, nikasimama karibu kabisa na waya wa mbuni. Niliruka vizuri, nasema kweli. Nikatabasamu. Mbuni akapitisha shingo juu ya waya, akaona kitunguu cha majani kwenye mfuko wa shati langu. Akavuta kitunguu. Akavuta na shati. Mimi nikavuta kwangu. Shati likachanika nikaenda chini kwa matako, juu ya ukingo wa saruji.

Mhudumu mmoja mzee alikuja mbio, akamfunika ndege kichwa kwa jaketi lake, akaniburura nje. Galal alicheka mpaka akaletewa maji.

Jumanne, 22 Aprili

Usingizi sikuupata, lakini nimepata wazo. Kwa nini niumie bure wakati mbuni ana mwenyewe?

Rihab anaolewa baada ya Idi. Vyombo vya jikoni ni juu yetu sisi wazazi wa bibi harusi. Niliahidi friji, jiko na mashine ya kufulia. Niliahidi mbele ya wakwe, kwa sauti kubwa. Galal ameshasema mara tatu, kila mara mbele ya wageni, kwamba atavitoa dukani kwake, "Wagdi asijisumbue." Bora nife.

Nimepanda ghorofa ya tatu kwa Ustadh Bahgat, wakili. Watu wanasema hajawahi kushinda kesi. Wivu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama palikuwa na bango la onyo. Nikasema hapana. (Lilikuwepo. Nililikanyaga wakati wa kuruka.) Akasugua mikono. Akasema tutadai paundi laki mbili, ila ninahitaji cheti cha daktari kinachosema nitaugua zaidi ya siku ishirini na moja. Chini ya hapo, kesi haina meno.

Siku ishirini na moja! Kwa maumivu haya nitaugua mpaka kiama.

Jumatano, 23 Aprili

Hospitali ya serikali. Daktari ni binti mdogo kuliko Rihab. Alinibonyeza mahali ambapo mtu mzima habonyezwi. Nilipiga kelele za siku ishirini na moja, labda thelathini. Akaandika: michubuko, siku sita.

Nikamwomba afikiri tena. Nikamweleza kwamba na shingo inauma. Na ini. Na kwamba nikifumba macho naona mdomo wa mbuni. Akaniuliza kama mbuni alinidonoa ini. Akachukua cheti, akafuta sita, akaandika tano.

Ustadh Bahgat amesoma cheti. Kisha akasema mdomo wangu utaniponza kuliko mbuni yeyote.

Ijumaa, 25 Aprili

Mpango mpya, wangu mwenyewe. Kifandugu hakionekani, ndio shida yake. Mtu hawezi kuhurumiwa kwa kiungo asichoweza kukionyesha msikitini. Shingo inaonekana. Hajjah Safinaz, mjane wa ghorofa ya kwanza, ana kola ya shingo tangu alipopata ajali. Nimeiazima.

Nimekwenda sala ya Ijumaa nikiwa nayo. Sijapata kuheshimiwa hivi tangu niliposimamia mgao wa maji. Watu walinipisha. Imamu aliniombea dua kwa jina langu na la baba yangu. Fundi viatu, ambaye hatujasalimiana miaka miwili, alinivalisha viatu kwa mikono yake. Nilikaribia kulia.

Narudi, niko katikati ya mtaa, watu wanne wananishika mikono. Hajjah Safinaz akatoka kwenye roshani yake, juu ya duka la kinyozi, akapaza sauti: "Wagdi we! Nirudishie kola yangu, nina miadi saa kumi! Na usiitie jasho!"

Wale wanne wakaniachia mmoja mmoja.

Jumapili, 27 Aprili

Tumepeleka barua ya madai. Mkurugenzi wa bustani ni mhandisi Nevine, mama wa miwani, haongezi neno. Ustadh Bahgat alizungumza muda mrefu akiwa amesimama. Alimwita mbuni "mnyama katili asiyedhibitiwa." Mhandisi Nevine akasema anaitwa Sukkar, ana miaka tisa, na watoto wa shule humlisha mkononi.

Ustadh hakutetereka. Akabadili njia papo hapo. Akasema basi kama ndege hana kosa, kosa ni la mhudumu. Alikuwa wapi? Kwa nini hakuwepo pale? Uzembe! Akapiga meza.

Mimi najua alikuwa wapi. Alikuwa hatua ishirini kutoka pale, akija mbio. Mhandisi Nevine akanigeukia, akaniuliza kama nami nasema hivyo. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema wakili ndiye anayesema. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Njia nzima Ustadh alikuwa akipiga mluzi. Mimi nilitembea nyuma yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi, ila haifupiki.

Mchana mlango umegongwa. Yule mhudumu mzee, kashika mfuko wa machungwa. Anaitwa Ami Metwalli. Nilidhani kaja kunipiga. Nikarudi nyuma ya meza.

Kumbe kaja kuniomba radhi.

"Bwana Wagdi," akasema, "wamenisimamisha kazi mpaka kesi yako iishe. Wana haki. Nilipaswa kukuona mapema. Siku ya sikukuu watu wengi, na macho yangu ndiyo haya. Unaendeleaje na maumivu?"

Nikasema naendelea hivyo hivyo.

"Usimkasirikie Sukkar. Ana roho ya mtoto. Mimi ndiye niliyemlea tangu yai. Sasa tangu jana hataki kula, amemkataa huyo mtu waliyemweka badala yangu. Lakini hilo si lako, bwana. Lako ni kupona."

Inshirah akamletea chai na mkate wa samli. Akamwuliza ana watoto wangapi. Watano, watatu bado wanasoma. Akamwuliza jaketi lake liko wapi, maana ubaridi wa asubuhi haujaisha. Mzee akacheka, akasema lilichanika siku ile, si kitu, lilikuwa la zamani.

Hakuniomba nifute kesi. Angeniomba ningejua la kumjibu! Alikunywa chai, akaniombea afya, akateremka ngazi akishika ukuta.

Inshirah alikusanya vikombe. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti: "Baba Rihab, yule mtu alikutoa kinywani mwa ndege." Akachukua machungwa yote akampelekea Hajjah Safinaz. Alisema hayawezi kulika katika nyumba hii.

Nimemweleza kwamba ni mambo ya kisheria. Chakula cha jioni kilikuwa maharage ya ful, baridi.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwisha.

Galal ameingia bila kubisha hodi, simu mkononi, machozi ya kicheko yanamtiririka. Kumbe familia iliyokuwa imeketi jirani yetu siku ile ilipiga video. Yote! Ninaonekana nikitazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Ninaonekana nikiweka mguu juu ya bango lililoandikwa USIVUKE, herufi kubwa nyekundu, na bango likivunjika. Ninaonekana nikichana nywele kwa vidole. Halafu mbuni. Mtu ameongeza muziki wa harusi, na sehemu ya kuanguka inarudiwa mara tatu.

Galal anasema wameshaitazama watu laki nne. Nikamwuliza kama hiyo ni pamoja na nchi za nje. Akasema hasa nchi za nje.

Baba wa mchumba wa Rihab amepiga simu. Alinisalimu kwa heshima, akauliza hali yangu, kisha akashindwa kuendelea akampa simu mkewe. Mkewe naye akashindwa. Rihab amejifungia chumbani.

Nilipanda kwa Ustadh Bahgat. Mkewe akafungua mlango kidogo akasema Ustadh amesafiri kwenda Damanhur. Nyuma yake, chini ya pazia, niliona ndara za Ustadh. Miguu ilikuwa ndani yake.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda bustanini peke yangu. Hakuna aliyenituma. Labda macho ya Inshirah.

Mhandisi Nevine hakuniambia niketi. Nadhani alifanya hivyo kwa huruma. Alikuwa na karatasi mbili tayari. Ya kwanza, gharama ya bango. Ya pili, maelezo kwamba nilivuka kwa hiari yangu, na kwamba mhudumu Metwalli hana kosa lolote bali ndiye aliyeniokoa. Nilisoma mara mbili nikitafuta neno la kubishia. Halikuwepo.

Nikasema nitasaini kwa sharti moja. Amwite Ami Metwalli sasa hivi, mbele yangu, nimwone akirudi kazini. Akanitazama juu ya miwani kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu. Akapiga simu.

Mzee alifika baada ya nusu saa, anahema. Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye basi. Nilitaka kusema nilikuona ukija, nilikuona, nikanyamaza. Yakatoka hivi: "Ami, nisamehe, mimi mtu mbaya."

Akasema, "Ah, ubaya gani bwana, wewe ulitaka picha tu." Akanikumbatia kwa nguvu zote, na kifandugu chote kikaamka. Nililia. Alidhani ni maumivu. Nikamwacha adhani hivyo.

Alinipeleka kumwona Sukkar. Mbuni alimwona mzee wake kutoka mbali akaanza kukimbia huku na huko kama mwehu, mabawa wazi. Nilisimama nyuma ya kizuizi. Nyuma kabisa.

Nimelipa bango. Nikaomba basi nichukue lile bovu, maana nimeshalilipia. Wamekataa.

Jumanne, 6 Mei

Friji la Rihab limefika. Na jiko. Na mashine ya kufulia. Vya Galal. Wamevipandisha wanaume wanne, na kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu. Galal alisimama kwenye ngazi akielekeza, anamwambia kila jirani kwamba si kitu, si kitu, ndugu ni ndugu.

Rihab alifungua na kufunga mlango wa friji mara kumi. Hajacheka hivyo tangu video. Alimbusu mjomba wake mikono yote miwili. Kisha akanijia, akanibusu kichwa, akasema, "Na wewe baba, asante." Asante ya nini? Nikaenda jikoni nikabandika maji ya chai ambayo hakuna aliyeyataka.

Miaka thelathini na mitatu kazini, na binti yangu anaingia kwake na utepe wa mtu mwingine. Sina fidia, sina wakili, mtaani watoto wananifuata wakitembea kama mbuni. Ninapofikiria yule mzee akishuka ngazi na mkono ukutani, natamani ardhi inimeze.

Nimemwita Inshirah. Nimeapa mbele yake, mkono juu ya msahafu: sitadai tena kisicho changu, wala sitamwacha mtu mnyonge abebe mzigo wangu. Nimeandika na kutia saini. Alinisamehe. Leo chakula kilikuwa moto.

Alhamisi, 15 Mei

Sasa naweza kukaa, kwa upande mmoja. Siku tisa za maisha safi. Nimesalimiana na fundi viatu. Nimefunga Jumatatu. Moyo mwepesi kama wa mtoto.

Adhuhuri Galal amepiga simu. Sauti ndogo, sijamsikia hivyo maishani. Yuko katika duka kubwa la vyakula njia ya kwenda stesheni. Ameteleza kwenye mafuta yaliyomwagika, yuko chini, mkono unamuuma. Anaona aibu kumpigia mtu mwingine. Akasema, "Wagdi, njoo unichukue, nakuomba." Galal! Nakuomba!

Nikasema nakuja sasa hivi, ndugu ni ndugu. Nilisema kutoka moyoni. Inshirah alisikia akiwa mlangoni. Machozi yakamtoka. Alikuja akanibusu paji la uso, akasema Mungu ameniongoa, akaenda kunitafutia viatu.

Nilifunika simu kwa kiganja mpaka akatoka. Kisha nikamwuliza Galal kama kuna bango la sakafu yenye utelezi. Akasema halioni. Nikamwuliza kuna nani pale. Akasema mama mmoja wa usafi, anampepea kwa kipande cha boksi, anamwomba radhi na kulia.

Nikamwambia asiinuke, afumbe macho, asinywe maji ya mtu, na kabla sijafika amwulize huyo mama jina lake kamili.