Kitabu cha Ufafanuzi na Nyuki wa Ipole

Jumatatu, 1 Machi 1954
Mchungaji anatafuta mwinjilisti wa Ipole. Tuko wawili: mimi na Elieza. Atakayehubiri vizuri ndiye atakayepewa kazi, na baiskeli ya misheni! Elieza Jumapili hii, mimi inayofuata. Kitabu cha ufafanuzi wa Biblia ni kimoja, tukisome kwa zamu. Nimemwahi Elieza, nimekichukua mimi kwanza. Mke wangu Minza kauliza Elieza atatumia nini. Roho Mtakatifu, nikamjibu.

Jumanne, 2 Machi
Elieza kaja kukifuata. Nikamwambia kimeibwa, nikalia kidogo. Kanihurumia, akaniombea! Nyumbani hakifichiki, Minza angempa. Nimekitia ndani ya mzinga mtupu, nikautundika mtini. Nani atatafuta kitabu mzingani? Akili ni mali.

Jumapili, 7 Machi
Elieza kahubiri bila kitabu. Habari za Yona. Utadhani alikuwa naye tumboni mwa samaki! Watu wamelia. Minza naye! Mwisho kaomba kanisa limwombee ndugu Silasi aliyeibiwa. Unafiki mtupu. Nimeona wivu.

Jumatano, 10 Machi
Nimepanda mti nikasome. Mzinga una wenyeji! Mizinga yangu mingine haijaingiwa na nyuki mwaka mzima, wamechagua huu. Nikawapulizia moshi. Hawakuupenda. Kupanda nilipanda polepole, kushuka sikumbuki.

Jumapili, 14 Machi
Aibu! Jicho moja limefumba, mdomo umevimba. Nimehubiri, hakuna aliyeelewa neno. Kisha Elieza akasimama. Alikwenda kunirinia asali ya kupaka usoni, akakuta kitabu ndani ya masega. Akalitangazia kanisa kwamba wezi wamepatikana: ni nyuki! Watu wakashangilia. Mchungaji akauliza mzinga una alama ya nani. Ipole nzima inaijua alama yangu. Kicheko hicho! Minza ndiye aliyecheka kuliko wote. Baiskeli kapewa Elieza.

Jumatatu, 15 Machi
Elieza kaja na baiskeli, anapiga kengele bila sababu. Misheni imempa Itifaki, kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia liko mstari gani. Kaniazima nianze mimi, eti tusameheane. Bwege! Bila hiki, mahubiri yake yatapwaya na baiskeli itanirudia. Kosa langu nimeliona: nyuki. Safari hii nimekificha juu ndani ya bani la jirani la kukaushia tumbaku. Pakavu, hapana mdudu. Tena kesho jirani anawasha moto wa kukaushia, kwa hiyo wiki nzima hakuna atakayeingia humo.