Orodha Yangu Kwanza

Jumatatu, 3 Februari 2025
Miezi minne tangu nirudi kisiwani Amu na bado sijamwona Zamzam. Nilimwambia nakwenda Mombasa mara moja, nikirudi nitaposa. Nikakaa huko miaka arubaini na sita. Nasikia ni mjane sasa. Namba yake imo katika daftari la wanachama wa chama chetu, kwenye kompyuta za ofisi. Ningemuuliza katibu, Bwana Ghassan. Lakini naye aliwahi kumposa, akakataliwa. Kabla ya magharibi Amu nzima ingejua! Kompyuta yangu itamtafuta kimya kimya.

Jumanne, 4 Februari
Bi Alawiya, fundi wa ofisi, ameiunganisha kompyuta yangu na mtandao wa ofisi. Akasema kompyuta itaulizia yenyewe daftari liko wapi. Mimi niandike jina tu, nisiguse kitu. Nisiguse! Mimi niliyepanga majalada ya bandari miaka thelathini! Nimeandika orodha yangu kwa kumbukumbu: watu themanini na watatu wa Mbwajumali, kijiji chetu ng'ambo ya maji, kila mmoja na nyumba yake. Nimeiamuru kompyuta iulize kwanza orodha yangu, daftari la ofisi baadaye.

Jumatano, 5 Februari
Ushindi! Nimeandika "Zamzam". Jibu papo hapo: nyumba ya babake, nyuma ya msikiti, Mbwajumali. Nilijua tu! Nimenyoa ndevu. Kanzu imepigwa pasi mara mbili.

Alhamisi, 6 Februari
Nimekwenda kwa boti. Nyuma ya msikiti pana mihogo, nyumba hakuna. Mwenye shamba, Bi Mwanamkisi, akaniuliza, "Mgeni, watoka nti gani?" Nikasema nchi hii hii. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa maji. Niliporudi Amu, Ghassan yupo gatini. Akaitazama kanzu, matope mpaka magotini. "Bwana, ndia ya kwenu umeisahau?"

Ijumaa, 7 Februari
Bi Alawiya anasema kompyuta ilinirudishia maneno yangu mwenyewe. Ikipata jibu kwenye orodha ya kwanza, haiulizi tena kwingine. Akaiondoa orodha. Sasa: Zamzam, Shela, na namba ya simu. Shela! Mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nimepita huko mara tisa.

Jumamosi, 8 Februari
Nimepiga. Sauti ni ile ile. Nikasema ni Abdulwahid. Akauliza, kwa adabu kabisa, Abdulwahid yupi.
Nikakata.
Daftari la ofisi lina makosa, ni dhahiri. Ghassan ndiye aliyeliandika. Nimeirudisha orodha yangu juu, nikauliza upya. Haikusita hata kidogo: nyumba ya babake, nyuma ya msikiti, Mbwajumali.
Boti ya kesho inaondoka saa tatu. Kanzu nimeshaifua.