Mpinzani Wangu Ananisaidia Kupita Kiasi

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi. Mimi ni Arlen Kvamme, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Nordfjell, Minnesota. Jumanne ni kura za mchujo za chama chetu, za kumpata atakayesimama kugombea kiti chetu katika Bunge la jimbo. Kiti hicho nimekitamani tangu nilipokuwa na nywele. Kwa heshima zote namshtaki mpinzani wangu, Bi. LaVonne Bjerke, mwalimu mstaafu:

1. Upepo wa juzi uliangusha mabango yangu yote. Nilipokwenda kuyainua nikayakuta yamesimama wima, yamefutwa matope. Jirani alimwona Bi. Bjerke na nyundo. Bango lake mwenyewe lilikuwa limelala mtaroni, ikanibidi niliinue. Sasa watu wanasema namfanyia kampeni.

2. Mdahalo ulifanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Msimamizi akauliza nani aanze. Nikasema, "Aanze Mwalimu." Naye akasema, "Aa, Arlen ana ng'ombe wanamngoja, aanze yeye." Kwetu mtu hapokei kitu mpaka akikatae mara tatu, na sisi sote tumelelewa vizuri. Kahawa ilikwisha tukiwa bado tunatangulizana. Suala la barabara mbovu, hoja yangu kubwa, halikuguswa kabisa.

3. Kwenye maonyesho ya wilaya nilikuja na hotuba kali, nikasahau miwani. Bi. Bjerke akaniazima yake. Nilimponda mwanzo hadi mwisho kwa miwani yake, naye akapiga makofi kuliko wote. Tukirudi nyumbani mke wangu Doreen akaniambia, "Mwenzangu, ungeanza hata na asante."

4. Nilipoumwa mgongo alituletea bakuli la nyama na viazi vya kuoka. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huyu akitenda haendi, anakaa kunywa kahawa, na Doreen ameshaanza kumwita Mheshimiwa.

Kwa hiyo naomba chama kimwamuru anisengenye kabla ya Jumanne, hata kidogo tu. Akishindwa, atafutiwe mtu wa kumfundisha matusi. Akishindwa na hapo, jina lake liondolewe kwenye karatasi za kura kwa kosa la kuwa na roho nzuri wakati wa uchaguzi. Nataka sana kushinda, Ndugu Mhariri, na inaniuma. Kila mpiga kura ninayempa mkono huniuliza kwanza, "Mwalimu hajambo?" Utamshindaje mtu ambaye hata wewe mpinzani wake unamjibia, "Hajambo"?

Nisalimie wachapaji wote, mama yako, na yule mbwa wa ofisini.

Wako katika ushindani wa haki,
Arlen Kvamme, Mgombea

Tanbihi: Gari langu limegoma kuwaka, hivyo barua hii anakuletea Bi. Bjerke, ambaye alikuwa anapita kuelekea mjini. Aliomba kuisoma. Amecheka mpaka akakaa kwenye ngazi, kisha akasema, "Sasa Arlen, mbona barabara umeigusa juu juu? Ikazie hapo, kura zako ziko hapo." Sasa ametoka nje kumuaga Doreen, nami naandika haya haraka kabla sijafunga bahasha. Jumanne kura yangu nampa yeye. Tanbihi hii usiichape, wala usimwambie. Akijua, kura yake atanipa mimi.