Somo Asiyenyeshewa

"Novemba hapana! Nasema Novemba hapana, hata mniletee malaika mkuu na upanga wake!"

Huyo ni Rubeni, sisi tunamwita Mzee Msimu, kasimama katikati ya saluni na shuka la kunyolea shingoni. Kichwa upande mmoja kimenyolewa, upande mwingine bado. Zabron kinyozi kashika mashine kama nyundo.

"Martini wa Porres alikuwa kinyozi!" Zabron akapaza. "Kinyozi! Tarehe tatu Novemba. Jumuiya inasali humu saluni kwangu, ulitaka somo wetu awe nani, daktari wa meno?"

"Novemba mtu ana mbegu mkononi na jembe begani. Watu waje kwenye sherehe ya somo wale nini? Mbegu?"

"Kaa chini kwanza, nywele zinaniangukia kwenye soketi!"

Mzee Msimu akakaa. Zabron naye kwa hasira akazima mashine, akakaa kiti cha pili.

Oya, ngoja niwaeleze, maana hapa ukichelewa kidogo unajikuta umehama upande. Jumapili Paroko katangaza: Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu imejaa mno, familia hamsini kwenye sebule moja, haiwezekani. Kwa hiyo sisi wa huku saluni tunajitenga. Tuandike barua yenye vitu viwili: jina la somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi, na wapishi wa sikukuu yake ya kwanza. Mwisho Ijumaa. Jumuiya isiyo na jina, fomu zake za ubatizo wa Pasaka hazipokelewi.

Leo ndiyo Ijumaa. Saa tisa na robo. Mvua inapiga bati kama ina ugomvi na Zabron.

Mimi ndiye katibu, kwa sababu nina mwandiko. Humu wananiita Divisheni, na sijawahi kuwaambia ya ngapi. Mfukoni, ndani ya nailoni, nina fomu ya Luka, mtoto wa dada yangu Mercy. Kila kitu kimejazwa, kasoro mstari mmoja: Jumuiya. Krismasi hakubatizwa, baba yake alikwama na lori Zambia. Sasa Luka ana miezi tisa, meno manne, na anakaribia kuungama.

"Awe mukwai!" Edson akadakia kwenye benchi la mlangoni. Hicho Kibemba chake cha foleni ya mpakani, maana yake hapana. Edson ni tingo, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya ng'ambo. Tangu Jumatano ya Majivu kaacha bia, kwa hiyo ulimi unafanya kazi ya viungo vyote. "Wazee, jibu ni Kristofa. Msimamizi wa wasafiri. Tarehe ishirini na tano Julai, ghala limejaa, jua kali, hakuna turubai."

"Kristofa gani?" Mzee Msimu akacheka. "Lori lako liko foleni tangu Jumatatu halijasogea hata tairi moja. Kristofa mwenyewe angeshuka akatembea."

"Usimguse Kristofa wangu!"

"Mimi nawapa Isidori. Mei kumi na tano. Mkulima kama mimi. Alikuwa akienda kusali, malaika wanamlimia shamba."

Zabron akapiga paja. "Kumbe! Ndiyo maana shamba lako la Nanyala limejaa magugu. Unawasubiri!"

"Wamechelewa tu. Barabara mbaya."

Wanagombania tarehe sana, na siwalaumu. Yosefu, somo wa jumuiya mama, sikukuu yake ni Machi kumi na tisa. Machi! Mwezi ambao hata panya wa ghalani anahamia kwa jirani. Halafu iko ndani ya Kwaresima kila mwaka, haikwepi. Wiki iliyopita tumesherehekea kwa makande, turubai likajaa maji likamwagikia sufuria, tukala supu ambayo haikupikwa na mtu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Dada Roda na beseni la mahindi ya kuchemsha kichwani, amelowa mpaka magotini.

"Bado tu? Asubuhi nimewaacha Novemba, nimezunguka soko zima, nawakuta Julai?"

"Kaa, Dada Roda."

"Sikai. Nina mahindi."

"Basi tuambie," Edson akasema kwa adabu ya mtu mwenye njaa. "Wewe unamtaka mtakatifu gani?"

"Anayeosha sufuria."

Roda akawatazama mmoja mmoja.

"Wiki iliyopita nani alipika kwenye mvua? Mimi. Nyie mlikuwa wapi? Mlikuwa humu, mnashikilia turubai kwa maneno."

"Basi Marta!" Zabron akaruka na wazo. "Marta alikuwa mpishi!"

"Marta aliachiwa kazi peke yake, akamlalamikia Yesu. Mimi nimlalamikie nani? Wewe?" Akanigeukia. "Na wewe Divisheni, bibi yake Luka keshavuka kutoka Nakonde. Nimempita stendi, ana jogoo kwenye kikapu. Utamwambia arudi na jogoo wake?"

Nikatazama saa ya ukutani. Kumi kasoro ishirini na tano. Saa kumi katekista Barnaba anafunga ofisi akaongoze Njia ya Msalaba, na akifunga kafunga, hata aje Petro na funguo zake.

"Wazee, jina moja," nikasema. "Moja tu."

"Watakatifu Wote!" Edson akapiga kelele. "Hakuna anayenuna!"

Makofi. Zabron akampa mkono Mzee Msimu. Amani ya Bwana kabisa.

"Tarehe?" Mzee Msimu akauliza.

"Mosi Novemba," nikamjibu.

"NOVEMBA TENA?"

Hapo nikachoka. Nikachukua kalamu, nikaweka barua juu ya meza ya mashine, nikaandika. Nikajaza na fomu ya Luka.

"Umeandika nani?" Zabron akauliza.

"Yosefu."

"Yosefu wa Mama Imelda, mwenyekiti wa jumuiya mama? Atatuita wezi jumuiya nzima!"

"Yosefu Mfanyakazi. Mei Mosi. Kwaresima imepita, mvua inakatika, mahindi mabichi yapo, na ni sikukuu ya serikali. Mtu ni yuleyule, ila wa kwao anaota ndoto, wa kwetu yuko kazini."

Wakatazamana. Mzee Msimu akatikisa nusu ya nywele zake, akakubali. Edson akakubali. Roda akacheka mpaka beseni likayumba.

"Yosefu Mfanyakazi! Na humu mfanyakazi ni nani?"

Mashine imezimwa. Lori liko foleni. Shamba linasubiri malaika.

"Mei Mosi watu wanapumzika," Edson akasema taratibu. "Kazi hairuhusiwi."

"Na chakula?"

Wote watatu wakamgeukia Roda, macho kama ya kwaya inayomsubiri mwalimu. Roda akanigeukia mimi.

Nikaongeza mstari chini, nikakunja barua, nikarudisha nailoni mfukoni. Kumi kasoro kumi na tano. Nikafungua mlango, mvua ikanipiga usoni.

"Oya Divisheni!" Mzee Msimu akaita nyuma yangu, sauti imepungua. "Wapishi umewaandika kina nani?"

"Nimewaandika mliokaa. Nimeanzia mlangoni."

Nikatoka, nikafunga mlango.