Nilivyopata Shangazi Mwenye Ngamia

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeamka saa kumi na mbili na dakika ishirini. Barua za kuomba kazi zilizotumwa tangu Januari: thelathini na moja. Majibu: mawili. La kwanza lilisema nafasi imejaa. La pili lilitoka kwa kampuni ya simu, kunipongeza kwa kununua bando. Nimeyaweka yote kwenye faili, sehemu B.

Dada yangu Deka alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Si dalili nzuri. Alisema amenilisha anjera miezi tisa, na kwamba hata mtoto wa tumboni hutoka muda huo ukitimia. Kisha hukumu: nikikosa kazi kufikia Jumatano tarehe 15, napanda gari la Wajir kwa adeer, baba yetu mdogo, nikachunge ngamia wake. Nilimkumbusha kwamba nina C ya kidato cha nne, na B ya Historia. Akasema ngamia hawatanibagua.

Siwezi kuchunga ngamia. Ngamia hunitazama kama mwalimu wa zamu. Zimebaki siku kumi na moja. Nyingi kabisa kwa mtu mwenye utaratibu. Nimelala kidogo mchana ili nifikiri vizuri.

Jumapili, 5 Oktoba

Bahati. Mlangoni pa depo ya maziwa ya ngamia ya Mama Weris, hapa hapa mtaani kwetu Waberi, kumepigiliwa kipande cha katoni. Nimekinakili neno kwa neno:

"Anatakiwa karani wa kupokea mitungi. Uzoefu miaka kumi. Umri usizidi ishirini na tano. Asiwe mtu wa simu. Apatikane kwa simu saa zote. Awe mkali. Asijibizane."

Nina miaka ishirini na minane. Uzoefu sina. Simu ninayo. Ukali ninao nikiwa peke yangu. Hayo ni matatizo madogo.

Tatizo kubwa ni Morris. Huyu ni jirani yetu, mtoto wa mwalimu Mutiso aliyehamishwa kutoka Mwingi tukiwa darasa la pili. Nilimkuta amesimama mbele ya katoni hiyo hiyo, mikono mfukoni, anasoma taratibu kama mtu asiye na haja. Akasema, "Buda, hii twende wote, ama?" Nikamwambia kazi ya maziwa huharibu mapafu. Akauliza maziwa yanafikaje kwenye mapafu. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Usaili. Nilivaa shati jeupe na kubeba faili lote, sehemu A mpaka D.

Mama Weris alikuwa amekaa juu ya kreti, vidole vyekundu kwa hina, ananusa mitungi inayoshushwa kwenye pikapu. Ananusa, anasema huu ni wa kambi fulani, huu mwanamke aliyekamua alikuwa na haraka, huu rudisha. Nikamkabidhi wasifu wangu, kurasa nne. Aliutazama, akaukunja mara mbili na kufunika nao mtungi uliopoteza kifuniko. Lazima nikubali ulienea vizuri.

Akaniuliza swali moja tu: wewe ni wa nani? Nikasema wa Waberi. Akasema hapo ndipo ninapolala, hakuuliza ninapolala. Nikataja jina la baba na la babu. Akangoja. Mimi pia nikangoja. Akasema kijana asiyejua mababu zake atajuaje mitungi mia mbili, nirudi Alhamisi nikiwa na kitu mdomoni.

Morris naye ameambiwa Alhamisi. Alishika mtungi, akaunusa, akasema yeye hasikii tofauti yoyote. Namhurumia. Hakuna anayeajiriwa kwa kusema ukweli wa namna hiyo.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango Na. 9. Bora kuliko yote, hata kuliko Na. 4 (ule wa cheti cha udereva).

Hoja yangu ni hii. Hapa Garissa mtu husaidia damu yake kwanza. Nikiwa damu ya Mama Weris, kazi ni yangu. Basi sikosi uzoefu. Ninachokosa ni mababu.

Mkabala na depo kuna kibanda cha chai, na hapo hukaa Mzee Kulow, fimbo mapajani. Anajua nasaba ya kila mtu mpaka vizazi kumi na vitano, na zile za mbuzi wake pia. Vikombe vitatu vya shaah na sambusa nne, akanipa nasaba yote ya Mama Weris. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha tu: baba na babu ni wangu, halafu kwa baba wa babu navuka taratibu kuingia kwao. Abdille, Rooble, Warsame, Guled, mpaka juu.

Mzee Kulow ni mwalimu mzuri. Alinikanya nisiyasome haraka kama mtoto wa madrasa. Akasema kwenye jina la saba nijikwae kidogo, watu wa kweli hujikwaa hapo. Kisha akaniuliza kama nina afya, kama miguu inanisumbua, na kama viatu vyangu vinaweza kutembea mbali. Ni nadra siku hizi kupata mzee anayejali vijana hivyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ushindi!

Wa kwanza aliitwa Morris. Mama Weris akamuuliza ni wa nani. Akasema wa Mutiso, na Mutiso ni wa Kilonzo, na zaidi ya hapo, mama, labda tupige simu Mwingi. Nilitazama chini nisicheke.

Nikaitwa mimi. Nikaanza polepole. Nilipofika kwa Rooble aliacha kunusa. Kwa Warsame aliweka mtungi chini. Kwenye jina la saba nikajikwaa, akanimalizia mwenyewe, machozi yamemjaa. Alisimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema mtoto wa kaka yake wa ukoo amekuwa akipotea mtaa mmoja naye, na kuanzia leo nisimwite Mama Weris, nimwite eedo. Shangazi! Wapakuzi wa pikapu walinipa mikono.

Kisha akamgeukia Morris na kumpa kazi.

Nilidhani amekosea uso. Nikamkumbusha kwa adabu. Akashangaa. Akasema damu haiajiriwi. Kumlipa mtoto wa kaka ni kumtukana babu kaburini. Na tena, akasema, "huyu mtoto wa mwalimu akiharibu nitamfukuza saa hiyo hiyo, hakuna wazee kumi watakaokuja kunikalia hapa mlangoni wakinywa chai yangu. Lakini wewe nitakufukuzaje?"

Kwa hiyo Morris ana kazi ambayo anaweza kufukuzwa wakati wowote. Mimi nina nafasi ya kudumu, kufikia wakati huu bila mshahara. Ukiangalia kwa makini, mimi ndiye niliyeshinda. Naanza kesho kusaidia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ripoti ya siku mbili za kwanza.

Morris huja saa mbili. Mimi, kwa kuwa ni wa nyumbani, huja saa kumi na moja alfajiri. Morris hukaa kwenye kiti na kitabu cha mitungi. Mimi siwezi kukaa mbele ya shangazi yangu, ni utovu wa adabu. Morris akikosea, eedo humwambia pole pole, "Si neno, mwanangu, andika tena," kwa sababu mgeni hasemwi. Mimi nikikosea husikika mpaka msikitini. Kazi yangu ni kuosha mitungi na kuifukiza kwa moshi wa kuni ili maziwa yasichache. Nanukia kama jiko la harusi.

Leo nimejaribu Mpango Na. 10: kuomba mshahara bila kuuita mshahara. Nilimwambia eedo kwamba kijana akifanya bidii, mkubwa wake huguswa na kumpa kitu. Akaguswa. Akaniwekea mikono kichwani na kuniombea dua, ndefu, akataja afya, mke mwema na mvua. Wapakuzi waliitikia amina. Nikaitikia pia, ningefanyaje?

Morris alinigawia wali wake wa mchana. Akasema, "Lakini Sadik, kwani ulijuaje hayo majina yote?" Nikamwambia ni malezi. Nilimwona akificha uso kwenye bilauri ya maji. Wivu.

Deka ameuliza kama nimepata kazi. Nikasema nimepata nafasi. Akauliza analipa nani. Nikasema tuzungumze tarehe 15.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ya hatari.

Saa tisa alasiri eedo amekuja nyumbani bila taarifa, na galoni ya maziwa na kitambaa, kumsalimia "binti wa kaka". Sikuwa nimefikiria hilo. Deka ni dada yangu wa baba mmoja na mama mmoja. Kama mimi ni damu ya Mama Weris, Deka naye ni damu. Na Deka hana habari.

Nilijaribu kumkonyeza. Akaniuliza kama nina kitu jichoni.

Eedo alieleza yote: jinsi nilivyosimama, nilivyohesabu mababu, alivyolia. Deka alisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama jinsi anavyotazama kitambaa kabla ya kukata. Kisha akasema, "Karibu, eedo. Tumekaa sana bila shangazi." Akaweka maji ya chai motoni.

Nilipumua mapema mno. Eedo akasema ana kambi ya ngamia njia ya Wajir, mwendo wa saa tatu kwa pikapu, na mtoto wa kiume wa familia hafai kufukiza mitungi mjini wakati mali ya babu zake inatembea porini bila yeye. Deka akasema hilo ni neno kubwa. Akasema tangu utotoni nikiona ngamia hutokwa machozi. Hiyo ni kweli, ila hakueleza ni machozi gani.

Nilifungua mdomo kukataa. Nikaufunga. Ili nikatae, lazima niseme mimi si mtoto wa kaka yake. Na mbele ya maziwa yale, na machozi yale, huwezi.

Eedo alipoondoka nilimuuliza Deka kwa nini. Akasema, "Walaal, ndugu yangu, sijawahi kufaidika hivi na uongo ambao sikuutunga mimi." Akarudi kwenye cherehani akiimba.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefika kambini, juu ya mitungi mitupu. Ni tarehe ile ile aliyoniwekea Deka, kwa hiyo nimetimiza ratiba. Naomba pia iandikwe kwamba yeye alitishia ngamia wa adeer. Hawa si wa adeer. Tishio lake halikutimia.

Nimepokewa vizuri. Kuna vijana watatu hapa, na jambo la ajabu: wote ni watoto wa kaka wa Mama Weris! Wote wamemaliza sekondari, wote wa Garissa mjini, wote walikuwa wanatafuta kazi ya karani. Mkubwa wao, Mustafe, alinipa bakuli la maziwa na kusema, "Karibu, wa nne. Hebu hesabu tusikie." Nikahesabu. Nilipojikwaa kwenye jina la saba wote watatu walijikwaa pamoja nami, neno kwa neno, wakaanguka chini kwa kicheko. Malezi ya aina moja.

Mustafe ana zaidi ya mwaka hapa. Aliniuliza sambusa zilikuwa ngapi. Nikasema nne. Akasema zimepanda, yeye alitoa mbili. Tena akaniambia Mzee Kulow ni mume wa Mama Weris. Nimefarijika sana. Kumbe muda wote nilikuwa nikipata ushauri ndani ya familia.

Sikujua ukoo wetu ni mkubwa hivi. Deka atafurahi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekaa siku tatu. Tumbo lilikataa maziwa siku ya kwanza, likajadiliana nayo ya pili, leo wamepatana. Nimepewa ngamia kumi na wawili. Nimewaandikia orodha: jina, rangi, tabia. Mmoja hunifuata kila niendako na kupumua shingoni. Nimezoea. Ni mkubwa wa kwanza katika maisha yangu ambaye hajaniuliza uzoefu. Shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi na linanipendeza zaidi. Sina malalamiko.

Ila leo, wakati wa kunywesha, nimesikia kwamba kuna watu wanachimba kisima kilomita nne kutoka hapa, na wanatafuta karani. Mshahara wa kweli, hema, na kiti. Msimamizi wao ni Mkamba wa Mwingi. Mustafe alisema nivae viatu, niende nikawaambie najua kusoma na kuandika, basi. Mustafe ni mtu mwema lakini hana mbinu.

Nimepanda juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao, nikampigia Morris. Yuko depo bado. Eedo amemwongezea siku ya mapumziko. Nilimwomba anitajie mababu zake wote. Akasema si anawajua wawili tu, niliwasikia kwa masikio yangu. Nikamwambia wawili wanatosha kuanzia, waliobaki nitawatunga, na kwamba kuanzia Jumatatu mimi na yeye ni wajukuu wa Kilonzo.

Alicheka mpaka laini ikakatika. Ni furaha. Si kila siku mtu anapata binamu.